Mikono Iliyotoka Kambini: Bendi za Jeshi na Muziki wa Nyanza Kusini

Askari mpiga tarumbeta hamiliki tarumbeta lake. Ni mali ya kikosi, lina nambari katika daftari la stoo, na siku utumishi unapokwisha hulirudisha pamoja na mkanda, kofia na sare. Anachotoka nacho langoni ni kile kilichokwisha kumwingia mwilini: vidole vilivyozoea, pumzi iliyofunzwa, sikio linalojua wenzake wanaingia lini na wananyamaza lini. Baada ya hapo hana budi kutafuta ala nyingine, na zaidi ya hilo atafute mtu mwingine wa kumlipa.

Swali la nani atamlipa ndilo ninalolifuata katika historia hii. Nimechagua kulitazama kutoka Homa Bay na Migori, kaunti mbili za Kenya ambazo kwa miongo mingi zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini. Eneo hili lilitoa wapagazi na askari katika vita vikuu vyote viwili, liko kando ya ziwa na kando ya mpaka wa Tanzania, na ni sehemu ya kitovu cha benga, muziki wa gita wa Wajaluo. Jeshi halikuuzaa muziki wa hapa. Hata hivyo huwezi kueleza gita lilivyokuja kuimba kwa sauti ya nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, bila kupita kambini.

Kabla ya bendi

Mjaluo hakuhitaji jeshi kumfundisha ustadi wa ala. Nyatiti ina nyuzi 8. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, ala ikiwa imelala ubavu, akivuta nyuzi kwa mikono miwili huku pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga ubao na njuga zikilia mguuni. Mtu mmoja anaimba, anapiga nyuzi na anatunza mpigo, yote kwa pamoja. Kulikuwa pia na orutu, fidla ya uzi mmoja, na pembe na ngoma za matanga.

Malipo yalikuwa ya papo hapo. Katika pakruok, mtu husimamisha wimbo, hujisifu au humsifu rafiki, hutoa chochote, kisha muziki huendelea. Msanii alimwona anayemlipa usoni, na aliyemlipa alisikia jina lake likiimbwa. Desturi hii tutakutana nayo tena, kwa sababu ndiyo iliyowapokea wanamuziki wakati mshahara wa serikali ulipokoma.

1902–1918: Karungu, Kisii na kambi za wapagazi

Jeshi la King's African Rifles (KAR) liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Kiingereza vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka mmoja kabla, meli zikaanza kuzunguka Ghuba ya Winam na kushuka hadi Karungu, bandari ndogo ambayo ilikuwa kituo cha serikali kabla ya makao kuhamishiwa Kisii. Kwa njia hiyo tarumbeta la kijeshi, bendera na saa ya kufika kazini vilifika Nyanza Kusini kwa pamoja.

Septemba 1914 vita vya wakubwa viliwafikia watu wa hapa mlangoni. Jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka kutoka koloni lao, ambalo baadaye liliitwa Tanganyika, likaingia Kisii, na tarehe 12 mwezi huo likapambana na KAR nje ya mji. Karungu nayo iliguswa na mapigano ya ziwani. Jeshi hilo lilirudishwa, lakini mzigo wa vita ukabaki. Waingereza walihitaji watu wa kubeba chakula na risasi kuelekea kusini, na Nyanza ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa wapagazi wengi kuliko zote. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariokor mjini Nairobi linatokana na kikosi chao.

Katika kambi hizo Mjaluo, Mgiriama, Mnyamwezi na Myao walilala pamoja, wakazungumza Kiswahili, na jioni wakatazamana wakicheza. Na ngoma iliyokuwa ikienea kambini kwa kasi wakati huo ilikuwa beni. Ilianza pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, watu walipotazama bendi za meli, za misheni na za sultani, wakaamua kuunda zao. Mombasa ilikuwa na Kingi na Scotchi. Tanganyika ilikuwa na Marini na Arinoti. Kila chama kilikuwa na vyeo, sare, gwaride, na uadui wa kimashairi na chama cha pili. Askari na wapagazi walipotawanyika baada ya 1918 waliisambaza beni hadi Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini.

Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni, na jambo moja lililomo linahusu moja kwa moja habari yetu. Wachezaji wa beni hawakuwaiga wazungu kwa sababu ya kuwashangaa tu. Walichukua umbo la bendi ya jeshi na kulijaza mambo yao: kusaidiana katika misiba, kushindana kwa mashairi, kuheshimiana kwa vyeo walivyojipa wenyewe. Tabia hii ya kuchukua umbo na kubadilisha kilichomo ndiyo itakayorudi Nyanza baada ya miaka 30 ikiwa na gita mkononi.

Kati ya vita viwili

Miaka ya 1920 na 1930 nitaipita haraka. Kodi ya kichwa iliwatoa vijana nyumbani kwenda kwenye mashamba ya chai, reli, bandari na migodi. Nyanza Kusini yenyewe ikawa na dhahabu, na Macalder, katika Nyatike ya leo, ikageuka jina la mgodi. Palipo na mshahara pana ngoma ya Jumamosi. Kodiani ilienea vijijini ikapigwa kwenye dansi za Wajaluo kama ilivyopigwa kwa Wakikuyu, na santuri zikaanza kuuzwa baada ya kampuni za rekodi kugundua soko la Kiswahili. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Kwa hiyo vita vya pili vilipofika, kijana wa Kendu Bay au Rongo alikuwa tayari amesikia sauti za mbali. Kilichobaki ni kukutana na waliozipiga.

1939–1945: Kifaru

Karibu Wakenya 98,000 waliingia jeshini katika Vita Vikuu vya Pili. Wajaluo walikuwa wengi miongoni mwao, madereva, watu wa mawasiliano, wapiga mizinga na wachimba njia. Walipigana Uhabeshi, wakaenda Madagaska, kisha Bama (Burma). Safari yenyewe ilikuwa hatari: tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani, na karibu watu 1,300 wakafa, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, ilisukuma njia kuteremka Bonde la Kabaw wakati wa masika ya 1944, katika matope na malaria, hadi ikafika Kalewa mwezi wa Desemba na kuvuka mto Chindwin. Kisha ikaja adha ya aina nyingine, kungoja. Vita vilipokwisha, meli za kuwarudisha nyumbani hazikutosha, na maelfu walikaa India kwa miezi bila adui wala safari.

Wakuu wa jeshi walifahamu vizuri kwamba askari asiye na kazi na asiye na burudani huanza kuuliza maswali. Kwa sababu hiyo jeshi lilikuwa na magazeti ya Kiswahili, sinema za lori, na Kitengo cha Burudani cha KAR, wanamuziki waliovaa sare na kulipwa kupiga gita, ngoma na kuimba. Aliyehusika sana upande wa maofisa alikuwa Peter Colmore, ambaye baadaye angekuwa mfanyabiashara mkubwa wa muziki Nairobi. Miongoni mwa waliopiga alikuwa Fundi Konde, kijana wa Kigiriama aliyezaliwa 1924, ambaye mwaka 1944 alizunguka na kitengo hicho India, Ceylon na Bama.

Hapa tofauti na bendi ya gwaride ni kubwa, na mara nyingi inasahaulika. Bendi ya gwaride inapiga kwa noti, kwa amri na kwa ajili ya hatua. Inafundisha nidhamu ya muda na ya pumzi. Kitengo cha Burudani kilipaswa kumchekesha na kumliza askari kutoka makabila mengi, na njia pekee ya kumfikia kila mmoja ilikuwa Kiswahili chepesi na dansi ambayo haikuwa ya kabila moja. Rumba ya Kuba kwenye santuri, nyimbo za sinema za Kimarekani, wimbo wa safari wa KAR uitwao Funga Safari ambao kila askari aliujua, vyote vilichanganyika. Dansi la Afrika Mashariki kama tulivyokuja kulijua katika miaka ya 1950 lilipimwa kwanza mbele ya hadhira hii. Hakuna ukumbi wa mjini ambao ungeweza kukusanya watu wa aina hiyo mahali pamoja.

Vita pia viliacha redio. Matangazo kwa Waafrika wa Kenya yalianza wakati wa vita ili familia zipate habari za askari wao. Watu wa Nyanza waliozoea kukusanyika mbele ya kipaza sauti kusikiliza habari za Bama walibaki wakisikiliza hata habari hizo zilipokwisha, na nafasi iliyoachwa ikajazwa na muziki.

1945–1959: Kuvua sare

Kitengo cha Burudani kilipovunjwa, sehemu ya wanamuziki wake waliendelea pamoja kwa jina la Rhino Band, jina ambalo kila askari wa Divisheni ya 11 angelitambua mara moja. Walianzia Kampala, wakahamia Mombasa mwaka 1946, wakapendwa kote Kenya. Mwaka 1948 wakatengana, na waliotoka humo wakaenda kuanzisha au kujaza bendi nyingine. Miaka miwili mitatu ya bendi moja inaweza kuonekana kidogo. Lakini wanamuziki hao walikuwa wamejaribu kuishi kwa tiketi za mlangoni tu, bila mshahara wa kikosi nyuma yao.

Njia walizofuata baadaye zinafundisha mengi. Fundi Konde aligeukia studio. Kati ya 1947 na 1956 alirekodi nyimbo zilizomfanya ajulikane kila nyumba, kama Tausi na Majengo Siendi Tena, na alikuwa miongoni mwa wa kwanza Kenya kutumia gita la umeme. Kisha akatoweka kwenye masikio ya watu kwa miongo mitatu, hadi rekodi zake za zamani zilipokusanywa na kutolewa upya mwaka 1994. Alifariki mwaka 2000. Mtu aliyeweka msingi wa gita la Kenya aliishi kusikia vijana wakiuliza yeye ni nani.

Ally Sykes wa Dar es Salaam, aliyepigana Bama na ambaye baba yake Kleist alikuwa askari wa Wajerumani katika vita vya kwanza, alipiga muziki na kurekodi Nairobi, lakini umbo la jeshi lililomkaa zaidi lilikuwa kupanga watu. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa TANU mwaka 1954. Kusini zaidi, Alick Nkhata, mkongwe mwingine wa Bama, alikuwa mtangazaji na mwimbaji mkubwa wa Lusaka, akauawa mwaka 1978 katika shambulio la majeshi ya Rhodesia. Studio, siasa, redio: hiyo ndiyo milango mitatu iliyofunguka kwa mwanamuziki mwenye elimu na mji mkubwa jirani.

Askari wa Nyanza Kusini alirudi mahali ambapo hakukuwa na mlango hata mmoja kati ya hiyo. Alipewa kiinua mgongo chake, akashuka meli Homa Bay au Kendu Bay, na chifu akamkumbusha kipande na kodi. Pesa nyingi ziliingia kwenye mabati, ng'ombe wa mahari na baiskeli. Sehemu yake iliingia kwenye gramafoni na gita. Hapo jambo likatokea polepole, bila afisa wa kulipanga. Gita likaingia kwenye boma ambalo tayari lilikuwa na nyatiti, na masikio ya nyumbani yakalidai liseme kwa lahaja yao.

Nalisisitiza hili kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba askari waliorudi ndio waliouleta muziki mpya, kana kwamba waliubeba ukiwa tayari katika mkoba. Walichokibeba ni ala, mbinu na ujasiri wa kupiga mbele ya wageni. Muziki ulikamilishwa na waliobaki nyumbani, hasa wadogo zao waliojifunza kwa kuangalia vidole. Miaka ya 1950 iliongeza vitu viwili. Upigaji wa gita wa Katanga, ule wa Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo ambaye alifika hadi Nairobi, ulionyesha jinsi mtu mmoja anavyoweza kupiga sauti mbili kwa vidole viwili, jambo ambalo mpiga nyatiti alilielewa mara moja. Na kituo cha redio cha Kisumu kilianza kuzirudisha nyimbo za Kijaluo kwa Wajaluo wenyewe.

1960–1969: Uhuru, maasi na benga

Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963 bendera ya Uingereza ilishushwa Nairobi na wimbo mpya wa taifa ukapigwa. Wimbo huo, uliotokana na wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo, ulitayarishwa na jopo la wanamuziki watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Huyo wa mwisho baadaye alifanya utafiti wa kina juu ya nyatiti. Hivyo kila bendi ya kijeshi inapopiga Ee Mungu Nguvu Yetu, inapiga kazi ambayo mtaalamu wa nyatiti alishiriki kuitengeneza.

Batalioni za KAR zikawa Kenya Rifles. Januari 1964 askari waliasi Tanganyika, Uganda na Lanet karibu na Nakuru, na serikali zote tatu zikajifunza kwamba askari asiyeridhika ni hatari kwa waliomtoa mkoloni kama alivyokuwa kwa mkoloni mwenyewe. Tanganyika, iliyoungana na Zanzibar mwaka huo huo, ilivunja jeshi lake na kuunda lingine, na baada ya miaka michache bendi za vyombo vya dola zikawa nguzo ya dansi la Tanzania: Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi (JWTZ), Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Polisi Jazz, Magereza Jazz. Kule mwanamuziki aliajiriwa kama askari, akala mshahara wa askari, na ala zikanunuliwa na taifa. Ng'ambo ya pili ya mpaka, Migori, msanii alijinunulia gita.

Na mtu aliyeonyesha njia hiyo ya pili alitoka karibu kabisa na mpaka wenyewe. Daniel Owino Misiani alizaliwa 1940 Nyamagongo, upande wa Shirati, Mjaluo wa Tanzania ambaye maisha yake ya muziki yalikuwa Kenya. Hakuvaa sare. Alikuwa mtoto wa miaka 5 wakati askari wa Bama walipokuwa wakingoja meli, na alipokuwa kijana gita halikuwa tena kitu cha kushangaza katika Nyanza. Yeye na bendi yake, Shirati Jazz, pamoja na waliowatangulia kama Ogara Boys, waliliweka gita la solo mbele ya kila kitu, likidokoa noti moja moja kama uzi wa nyatiti, besi ikijibu, ngoma ikikanyaga bila kusita. Waimbaji wanaponyamaza gita ndilo linalopanda, na watu huinuka.

Aliyelipa ni mchezaji aliyekuwa uwanjani na mnunuzi wa santuri. Pakruok ikaingia katika ukumbi wa dansi kama ilivyokuwa katika matanga. Misiani akapata uhuru ambao hakuna mpiga muziki wa kambini angeweza kuuota: aliwasema wakubwa kwa mafumbo ya wanyama na hadithi za Biblia, akakamatwa kwa ajili yake, akatoka, akaimba tena. Alikufa katika ajali ya barabarani Kisumu tarehe 17 Mei 2006.

1970–1982: Langata na Harare

Mwaka 1970, katika kambi ya Langata, askari wa batalioni ya 7 ya Kenya Rifles walianzisha Maroon Commandos chini ya Habel Kifoto, Mtaita. Walianza kwa kunakili nyimbo za Kongo. Ajali ya barabarani mapema katika muongo huo iliwarudisha nyuma, lakini mwaka 1977 walitoa Charonyi ni Wasi, wimbo wa Kitaita uliopendwa na watu ambao hawakujua neno moja la Kitaita. Baadaye wakaja na Uvivu, uliopigwa redioni kwa miaka mingi kuwahimiza watu wafanye kazi. Katika nyimbo zao rumba ya Kiswahili hukutana na gita linalosogelea benga, jambo la kawaida kwa kikosi ambamo Mtaita, Mluhya na Mjaluo wanalala banda moja.

Ukiwaweka Kifoto na Misiani bega kwa bega, unaona mkataba wa kila mmoja. Kifoto alikuwa na mshahara wa mwezi, ala nzuri, daktari wa kikosi na pensheni. Hakuwa na ruhusa ya kuuliza kwa nini Nyanza haina barabara. Misiani aliuliza, na alilala selo. Sioni haki ya kumdharau yeyote kati yao. Kifoto aliwapa Wakenya nyimbo zilizowaunganisha, na alipofariki mwaka 2011 bendi aliyoianzisha ilikuwa imedumu kwa miongo minne, muda ambao bendi za mitaani hazikuufikia isipokuwa chache. Wanamuziki wengi wa benga waliomzidi kwa umaarufu walikufa bila bima wala kiinua mgongo.

Wakati huo huo muziki uliokuwa umetoka kambini ulirudi vitani kwa njia ambayo hakuna aliyeitabiri. Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji wa santuri aliyewahi pia kuwa mbunge wa Homa Bay, aliirekodi na kuisambaza benga kwa wingi, na rekodi zake zikafika kusini mwa Afrika. Wapigania uhuru wa Zimbabwe walizisikiliza katika kambi zao za Tanzania na Msumbiji, wakazicheza usiku bila kuelewa Kijaluo. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980 walirudi nazo nyumbani, baadhi yao wakiwa wamejifunza gita kambini. Huko muziki wenyewe uliitwa kanindo, na mtindo wa sungura, ambao hadi leo ndio dansi la Wazimbabwe wa kawaida, ulipata jina kutoka kwenye lebo ya Kanindo. Kile kilichofanyika Bama kwa Waafrika Mashariki kilifanyika tena Msumbiji kwa Wazimbabwe: kijana anaingia vitani na bunduki, anatoka na gita.

Mpaka wa Isibania na Sirare ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na ulifunguliwa tena 1983. Katika miaka hiyo mtu wa Migori alipata taabu kufika Tarime, huku muziki wa wilaya yake ukichezwa Harare.

Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa Jeshi la Anga la Kenya walijaribu kuiangusha serikali. Aliyetajwa kuwa kiongozi, Hezekiah Ochuka, alikuwa Mjaluo, na alinyongwa mwaka 1987. Jeshi la Anga lilivunjwa na kuundwa upya, mamia ya askari wakafungwa. Kwa familia za Nyanza, utumishi wa mtoto jeshini, ambao kwa miaka 40 ulikuwa fahari, ukawa jambo la kusemwa kwa sauti ya chini. Naamini hasara hiyo iligusa pia kumbukumbu ya muziki. Mzee aliyekuwa na picha yake akiwa na sare na tarumbeta aliishusha ukutani kama alivyoishusha picha ya mwanawe rubani.

Kilichobaki

Bendi za kijeshi bado zipo. Kila Jamhuri zinapiga Nairobi mbele ya rais, na vijana kutoka Homa Bay na Migori wamo ndani yake. Wanaostaafu hurudi kufundisha bendi za shule, kwaya za makanisa na vikundi vya harusi, na wachache hurekodi nyimbo zao wenyewe. Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, ilichapisha mwaka 2008 Retracing the Benga Rhythm, na kazi hiyo imewaokoa wapigaji wengi wa benga wasisahaulike. Kwa wanamuziki waliopitia jeshini hakujafanyika kazi ya ukubwa huo.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1945 angekuwa sasa amevuka 100. Wanaoweza kusimulia ni watoto na wajukuu. Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wa Rusinga, Mbita, Kendu Bay, Oyugis, Ndhiwa, Rongo, Awendo, Karungu na Macalder. Ikiwa nyumbani kuna sanduku la bati la babu yenu aliyekuwa KAR au Kenya Rifles, lifungueni. Cheti cha kuachishwa jeshi huonyesha nambari, kikosi na kazi aliyoifanya. Santuri za mizunguko 78 huvunjika kirahisi, zisimamisheni wima, msizipange moja juu ya nyingine. Andikeni majina nyuma ya picha kwa penseli, warekodini wanaokumbuka, kisha pelekeni nakala Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, na nyingine kwa ofisi ya utamaduni ya kaunti yenu. Fanyeni hivyo mwaka huu.